Kutoka Shangani hadi theluji ya Kibo: kikundi chetu cha matembezi Mtwara kilivyopanda Kilimanjaro mwezi Desemba

MTEMBEZI WA SHANGANI (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Shikamooni wakubwa zangu.

Kikundi chetu cha matembezi hapa Mtwara kimerudi kutoka Kilimanjaro, na tangu picha zianze kuzunguka kwenye magrupu simu yangu haipumziki. Watu wanauliza yale yale: theluji ikoje, mlivaa nini, nani aliumwa, nani alifika. Nimeona nifungue uzi, yote yakae mahali pamoja, ili hata aliyeko Tandahimba au Liwale na anatamani kwenda apate pa kuanzia.

Msimamo wangu nautoa mapema, atakayechoka kusoma aondoke na huo tu. Sisi watu wa pwani ya Kusini hatukosi miguu. Tunachokosa ni muda wa kuuzoesha mwili hewa ya juu, maana tumelala usawa wa bahari maisha yetu yote. Kwa hiyo pesa ya kwanza mnayochanga, kabla ya majaketi, kabla ya fulana za kikundi zenye nembo, iwe ya kulipia siku ya ziada pale kambi ya Horombo. Vingine vyote vinaazimika au kukodishwa. Siku ile haiazimiki.

Kwa nini Desemba? Kwanza ni Uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na kuwasha Mwenge pale kileleni, na kila mwaka kuna Watanzania wanaopanda kuadhimisha siku hiyo. Tulitaka na Kusini tuwepo. Pili ni hela. Minada ya korosho huanza Oktoba, na wengi kwenye kikundi aidha ni wakulima, aidha wanafanya biashara na wakulima. Mwezi wa saba ungetuambia tuchange tusingeweza.

Ila mjue kwamba Desemba kule Kaskazini mvua za vuli bado zipo. Mvua inayokulowesha msituni, juu inashuka ikiwa theluji. Anayetaka njia kavu aende Januari na Februari, au kuanzia Julai hadi Oktoba. Sisi tulikwenda tukijua.

Nitaendelea na mazoezi na vifaa. Karibuni.

KOROSHO GHAFI

Mkuu, hongereni. Naomba niulize bila kuficha. Mkulima amehangaika na shamba mwaka mzima, kapuliza salfa, kaokota, kasubiri malipo. Halafu pesa anaipeleka mlimani akapigwe baridi. Mimi nina watoto wa kusomesha, kwa kweli naona ni pesa imetupwa. Nieleweshe tu.

MTEMBEZI WA SHANGANI

Mkuu Korosho Ghafi, swali lako ni la haki. Hakuna aliyeuza korosho akaenda moja kwa moja mlimani. Tulikuwa na mfuko, kila mwezi mtu anaweka kidogo, na aliyekuwa na ada ya mtoto aliruhusiwa kusimama kisha akarudi. Malipo ya korosho yalikuja kumalizia tu. Na sisi raia tunalipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, tena kwa kiwango cha chini mno kuliko mgeni kutoka Ulaya. Wengi huku Kusini hilo hawalijui, wanasikia bei ya mzungu wanakata tamaa.

Kuhusu kutupwa: kwenye kikundi tuna mama aliyekuwa anatumia vidonge vya presha na hapandi ngazi bila kupumzika. Alianza kutembea nasi mchangani. Mlimani hakwenda, daktari wake alimshauri asiende, lakini leo anatoka Shangani hadi Mikindani kwa miguu na presha yake imetulia. Kwangu mimi kikundi kingekuwa na kazi hiyo peke yake, ingetosha.

Sasa mazoezi.

Tulianzia mchangani Shangani asubuhi maji yakiwa yametoka, kwa sababu mchanga mlegevu unachosha mashavu ya miguu kuliko lami. Kisha kilima kilicho nyuma ya Boma la Mikindani, kupanda na kushuka, mkoba mgongoni una chupa za maji. Mambo yalipokolea tukahamia Newala.

Newala naomba niikalie kidogo. Asiyefika Shimo la Mungu afike. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla pale, unasimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma limelala chini hadi upande wa Msumbiji. Tulikuwa tunateremka ule mwinuko asubuhi na kuupanda tena jua limeshakuwa kali. Sasa fikirini: uwandani kule mito hakuna, na bibi zetu walikuwa wanateremka kufuata maji ya chemchemi bondeni, wanapanda na mzigo wa maji kichwani. Kila siku ya Mungu. Tuna mama mmoja wa kule ambaye utotoni mwake aliyafanya hayo. Yeye ndiye aliyetufundisha kupanda. Hakimbii, hasimamisimami, anaweka unyayo mzima chini, anapumua kwa pua, mdomo umefungwa. Vijana walikuwa wanampita kwa kishindo, yeye anawakuta juu wamekaa wameshika viuno. Mwendo wake ndio ule ambao waongozaji wa Marangu wanausema kutwa nzima: pole pole.

Mara nyingine tulikwenda Masasi kwenye ile milima ya mawe, kujifunza kuamini kiatu kwenye mwamba mtupu. Basi. Huku kwetu mwinuko mkubwa kuliko huo haupo, na hata ungepanda Newala mara mia, uwanda ule hauzidi mita elfu moja. Miguu itakomaa. Mapafu yatakuwa hayajaambiwa kitu.

BINT MIKINDANI

Asante kwa uzi kaka, nafuatilia. Naomba ueleze mavazi. Mimi nguo nzito niliyonayo ni sweta la kipupwe.

MTEMBEZI WA SHANGANI

Dada, hapa nina furaha kukujibu. Sisi wa pwani tuna bahati ambayo watu wa Arusha hawana. Belo za mitumba zinazofunguliwa Mtwara zina makoti ya theluji kutoka Ulaya, na kwa kuwa hakuna wa kuyavaa kwenye joto hili, wauzaji wanayatupa pembeni kwenye fungu la bei ya chini. Mwenzetu mmoja anayeuza mitumba alituwekea kila lililotoka. Tulipata majaketi yenye manyoya ya bata ndani, suruali zisizopenya maji, soksi za sufu, mpaka kofia za kufunika masikio.

Namna ya kuchagua: jaketi la juu lijaribuni kwa kumwagia maji begani. Maji yakiteleza chukua, yakinywewa na kitambaa acha. Angalieni zipu hadi shingoni. Jaketi liwe kubwa kidogo, maana ndani utavaa nguo nyingine mbili au tatu. Na nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki kule juu, na mtu anaganda akiwa amevaa jaketi la gharama. Vaa zile za michezo zinazokauka upesi, au sufu.

Viatu msinunue mitumba. Kiatu kilichokaa sana soli yake hubanduka gundi, na mlimani hakuna fundi. Nunua kipya mapema ukivae Mtwara mpaka kikuzoee, au kodi Moshi. Vingine tulivyokodi Moshi ni mifuko ya kulalia, fimbo za kutembelea, na vile vifuniko vya kitambaa vinavyofunga kuanzia kiatu hadi chini ya goti ili theluji isiingie kwenye soksi. Hivyo huku hata kuviona hatujawahi.

Glovu ni jozi mbili, nyembamba ndani na nzito juu. Ile nzito iwe ya aina isiyotenganisha vidole, vikae pamoja vipeane joto.

NESI MSTAAFU

Wanangu hongereni. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi mkoa wa Lindi, naomba niingize ya afya kabla uzi haujaenda mbali, maana naona watu wameshaanza kuulizana tarehe.

Moja, malaria. Mtu wa Mtwara na Lindi anaweza kuondoka nyumbani na vimelea mwilini, homa ikamkuta siku ya tatu mlimani. Kichwa kinauma, anatapika, amechoka. Wenzake watasema ni mwinuko tu. Pimeni kabla ya kuondoka, na mtu akishikwa na homa kali kule juu msiamue kwamba ni ugonjwa wa mlima, ashuke akapimwe. Chandarua msiache kutumia wiki zile za mwisho.

Mbili, selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende mwinuko ule. Oksijeni ikipungua, chembe za damu zinajikunja na kuziba mishipa, na maumivu yake mnayajua. Hata mwenye vinasaba vya upande mmoja tu, ambaye siku zote ni mzima, anaweza kupata shida kwenye bandama. Azungumze na daktari kwanza. Vivyo hivyo wajawazito, wenye moyo, wenye pumu isiyotulia.

Tatu, ugonjwa wenyewe wa mlima. Kileleni hewa imekuwa nyepesi, kila pumzi unapata karibu nusu ya oksijeni unayoipata Lindi ufukweni. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida. Hatari ni hizi: mtu anayumba, ukimwambia atembee kisigino kwa kidole kwenye mstari hawezi, au anaongea asiyoyajua, au anahema akiwa amekaa na kukohoa povu. Huyo hapewi chai, hapewi muda wa kupumzika. Anateremshwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Dawa yake ni kushuka.

Kuna vidonge watu wanameza kuzuia. Vinasaidia, lakini muulizeni daktari, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa za hospitali. Vinafanya vidole viwashewashe na kukojoa mara kwa mara, msije mkadhani ni ganzi ya baridi.

MTEMBEZI WA SHANGANI

Shikamoo mama, na asante sana. Hilo la malaria tulilifanya, tulipima wote kwenye zahanati kabla ya kupanda basi, na mmoja alikutwa nayo. Alitibiwa, akabaki. Aliumia moyo sana lakini ndiyo ilivyotakiwa.

Sasa safari. Ya njiani nayapita haraka: basi hadi Dar, kisha Moshi, kisha Marangu. Tulichukua njia ya Marangu kwa sababu ina vibanda vya mbao vya kulala, na kwenye mvua kibanda ni bora kuliko hema. Geti liko mita 1,870 hivi, yaani tayari uko juu zaidi ya Newala kwa mara mbili na ushee. Siku ya kwanza ni msitu hadi Mandara, mita 2,720. Mvua tu, matope, kima wanaruka. Siku ya pili msitu unaisha, unaingia nyasi na vichaka hadi Horombo, mita 3,720. Hapo ndipo ukimya ulianza kikundini. Watu waliokuwa wanaimba tangu Mnazi Mmoja hawaimbi tena, mtu akifunga kamba za kiatu anahema.

Siku ya ziada tukakaa hapo. Usikae kitandani. Tulipanda taratibu hadi kwenye miamba yenye mistari myeupe na myeusi wanayoiita ya pundamilia, karibu mita 4,000, tukakaa kidogo, tukarudi kulala Horombo. Mwili unaonyeshwa juu, unalazwa chini. Jioni ile mtori ulipoletwa watu walikula na kuongeza. Jana yake sahani zilirudi zimejaa. Tofauti ya usiku mmoja tu, wakuu.

Jioni hiyo hiyo, mbele ya waongozaji, tuliweka makubaliano. Saa mbili asubuhi ya siku ya kilele, popote mtu atakapokuwa, anageuka. Mwongozaji akisema mtu ashuke, anashuka, hakuna kujadili wala kumbembeleza mwongozaji. Na anayeshuka hashuki peke yake. Tuliyasema tukiwa na akili zetu, kwa sababu kule juu akili inakuwa nusu. Naomba kila kikundi kifanye hivi.

KIJANA WA NYANGAO

Endelea mkuu, usiku wa kilele! Tumekaa tunasubiri.

MTEMBEZI WA SHANGANI

Haya.

Kutoka Horombo unavuka jangwa la kati ya vile vilele viwili vya mlima, Mawenzi na Kibo, hakuna mti, hakuna nyasi, hadi kibanda cha Kibo, mita 4,700 na kitu. Mchana ule wingu lilikuwa zito na theluji ilianza kushuka tukiwa bado tunatembea. Mwanzoni ni punje kavu zinazodunda kwenye jaketi. Baadaye zikawa laini, zinashuka bila sauti, na njia yote ya kijivu ikageuka nyeupe mbele ya macho yetu. Kuna wenzetu walisimama wakanyoosha mikono. Yule mvuvi wetu wa Mikindani alivua glovu akaiokota, akaionja.

Tuliamshwa kabla ya saa sita usiku, chai na biskuti, tukatoka. Sababu ya kwenda usiku si kuona jua likichomoza tu. Mteremko wa Kibo ni changarawe laini za volkeno, mchana unapiga hatua moja unarudi nusu. Usiku zimeganda, zinashika. Theluji nayo ni hivyo hivyo: ya usiku imekauka na kukaza, ya saa nne asubuhi ni uji.

Wingu lilikuwa limeondoka, mwezi unawaka, na mbele yetu ni mteremko mweupe hadi juu. Mwongozaji alitangulia kufungua njia. Anapiga ncha ya kiatu kwenye theluji mara mbili, shimo linatokea, anapanda. Wa pili anaweka mguu kwenye shimo lile lile, wa tatu vile vile. Anayekuja mwisho anakuta ngazi. Ukitoka nje ya mashimo unazama hadi gotini na nguvu zinakwisha kwa dakika chache, kwa hiyo hakuna kupita mwenzako. Ukikanyaga inalia krr, krr, na mvuvi wetu ndiye aliyesema ni sauti ya chumvi mbichi kwenye mashamba ya chumvi ya Mikindani. Kweli kabisa, ndiyo hiyo.

Tuliwapanga hivi: mama wa Newala nyuma ya mwongozaji, ili mwendo wake uwe mwendo wa wote. Vijana wenye nguvu nyuma kabisa. Hatua moja, pumzi mbili. Hatua moja, pumzi mbili. Kusimama ni dakika mbili tu, zaidi ya hapo jasho linaanza kuganda.

Maji: chupa zigeuzeni kichwa chini kwenye mkoba. Barafu huanzia juu, kwa hiyo upande wa mdomo haugandi mapema. Wenye mifuko ya maji yenye mrija, mrija uliganda mapema wakabaki hawana. Simu na betri za tochi zikae ndani ya nguo karibu na mwili, baridi inazimaliza.

Karibu na pango la Hans Meyer, kijana wetu wa bodaboda kutoka Lindi, mwenye kifua kuliko sisi wote, akaanza kutapika. Akasema yuko sawa. Mwongozaji akamwambia tembea mstari huu. Hakuweza. Alilia, wakuu, na sisi tulitaka kulia naye, lakini makubaliano yalikuwepo. Alishushwa usiku ule ule na mwongozaji msaidizi, wakapitiliza hadi Horombo. Tulipomkuta mchana wake amekaa juani anakula ndizi, kichwa hakiumi. Nasisitiza hilo kwa vijana: kifua kipana hakikulindi.

Mwalimu mmoja wa kike vidole vilikufa ganzi, ncha nyeupe. Mwongozaji alimvua glovu, akamwambia aweke mikono kwapani ndani ya nguo, akamvisha glovu zake yeye mwenyewe zilizokuwa na joto. Hakumsugua, na alikataza kabisa mtu kumsugua, ngozi iliyoanza kuganda ikisuguliwa inaumia. Rangi ilirudi, na maumivu ya kurudi damu yalimtoa machozi. Akaendelea.

Gilman's Point, mita 5,681, tulifika jua limeshatoka. Uko ukingoni mwa kreta, nyuma yako mawingu yamefunika nchi yote hadi upeo, mbele yako kreta imejaa weupe. Waongozaji walikagua njia ya ukingoni kuelekea kituo cha Stella na kilele chenyewe cha Uhuru. Theluji ilikuwa nyingi na sehemu moja imeegemea upande wa kreta. Wakasema wanaoweza kuendelea ni wale ambao bado wanazungumza vizuri na miguu haijatetemeka, na watakwenda wamefunga vyuma vya meno chini ya viatu. Mama wa Newala alikwenda. Mvuvi alikwenda. Mimi na wengine tulirudia hapo, saa ilikuwa imebaki ndogo kwa mwendo wetu. Cheti cha Gilman's nacho ni cheti halali cha hifadhi, nimekitundika sebuleni.

Wenzetu walifika Uhuru, mita 5,895, wakaipeperusha bendera. Tulisikia kwenye redio ya upepo ya waongozaji, Kusini wamefika, na pale kwenye theluji watu wazima tulikumbatiana.

MDAU WA NACHINGWEA

Uzi mzuri. Ila mimi nilidhani theluji ya Kilimanjaro imeisha, ndivyo tunavyosikia kila siku. Hizo picha zenye theluji hadi magotini si za Ulaya kweli?

MTEMBEZI WA SHANGANI

Mkuu, hauko peke yako. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona 1848, akaandika, na mabingwa wa jiografia kule London wakamkatalia miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Picha ni zetu. Kinachoisha ni ile barafu ya kale, kuta nene zilizokaa juu kwa maelfu ya miaka. Watafiti walipima: kati ya 1912 na 2007 karibu asilimia 85 ya eneo lililokuwa na barafu lilishatoweka. Theluji ya msimu ni kitu kingine, inanyesha hasa wakati wa mvua, inakaa siku kadhaa au wiki, inayeyuka au inapotelea hewani kwa jua. Wenzetu waliofika Uhuru wamepiga picha mabaki ya barafu ya kusini, bado ni makubwa ya kutisha, lakini wazee wa Marangu wanakuonyesha kwa kidole yalipokuwa yanafika walipokuwa watoto. Inauma. Mwenye mtoto wa kumpeleka asisubiri sana.

MLINDI UGHAIBUNI

Salamu kutoka Uskoti. Mimi ni wa Lindi mjini, nipo huku kwa masomo na natembea na kikundi cha milima. Nimesoma nikasisimka. Naomba niongeze jambo moja kuhusu theluji yenyewe.

Mlima mrefu kuliko yote Uingereza ni Ben Nevis, mita 1,345. Yaani uko chini ya geti la Marangu! Hewa haimsumbui mtu. Lakini majira ya baridi watu wanakufa huku, kwa sababu ya upepo, wingu na giza. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Wingu likishuka juu ya theluji, ardhi na anga vinakuwa rangi moja, huoni ukingo wa genge ulipo. Kikundi chetu hakitoki bila ramani na dira, shoka la barafu la kujizuia ukiteleza, na filimbi. Na kabla ya kutoka tunasoma taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji. Kwa hiyo mlima mfupi wenye theluji msiudharau, na mlima mrefu msiuogope kwa urefu wake tu.

MGUMU WA MARANGU

Ndugu zangu wa Kusini karibuni tena nyumbani. Mimi nabeba mizigo mlima huu. Mleta uzi kasema vizuri, naongeza ya kushuka, maana wengi wanaumia wakishuka.

Asubuhi theluji ikilainika, shuka kwa kisigino, piga kisigino kizame, goti limelegea kidogo, uzito nyuma. Ukishuka kwa vidole unaanguka kifudifudi. Miwani ya jua usivue hata dakika tano. Theluji inarudisha mwanga, macho yanaungua kama ya fundi wa kuchomelea, usiku wake huoni na ni kama mchanga umo ndani. Mafuta ya kuzuia jua pakeni mpaka chini ya kidevu na matundu ya pua, mwanga unatoka chini. Ngozi nyeusi pia inaungua, nimeona midomo ya Waafrika wenzangu imepasuka damu.

Na la wagumu, yaani sisi wabeba mizigo. Kikomo cha mzigo ni kilo 20. Mkichagua kampuni ulizeni wagumu wanalipwaje, wanakula mara ngapi, wanalala wapi. Kwenye theluji ile aliyewaletea chai alikuwa na viatu gani, muangalieni. Bei ikiwa ya chini mno, kuna mtu anailipia kwa mwili wake.

MTEMBEZI WA SHANGANI

Asante sana kaka. Hili nalikazia. Tuliporudi Horombo tuliwagawia majaketi na glovu zile za mitumba, karibu zote. Mwakani tutabeba mabelo mawili toka mwanzo kwa ajili hiyo, mwenzetu wa mitumba ameshaanza kutenga.

BINT MIKINDANI

Kaka swali la mwisho. Nina binti yangu wa darasa la sita, ana miaka 12, ameshika kichwa changu anataka kwenda. Inaruhusiwa? Na mazoezi yanaanza lini?

MTEMBEZI WA SHANGANI

Dada, hifadhi inaruhusu kupanda kileleni kuanzia miaka 10. Kwa maoni yangu msimu wa theluji bado ni mapema kwake. Mtoto hasemi kwamba vidole vimekufa ganzi mpaka viwe vimekufa kweli. Mpeleke wakati wa kiangazi shule zikifungwa, mlale Mandara, aende hadi Horombo, aone Kibo kwa karibu, arudi. Akipenda, mwaka unaofuata apande juu.

Mazoezi ni Jumamosi hii, saa kumi na mbili kamili asubuhi, tunaanzia Shangani maji yakitoka. Mje wote wawili, mvae viatu mlivyo navyo, na kila mmoja abebe maji lita moja na nusu. Mama wa Newala atakuwepo, nimeshamwambia kuna binti wa miaka 12 anakuja, amesema atatembea naye mbele.